Gitaa la vidole viwili: anza na dole gumba

Wengi wakipata gitaa wanakimbilia kodi, yaani nyuzi kadhaa zinazobonyezwa zilie pamoja, mkono wa kushoto unahenyeka mpaka vidole vinawaka moto, halafu wa kulia unaburuzwa tu juu chini juu chini. Mi nasema kama unataka lile gitaa la wazee wetu, lile ukilisikia unadhani wanapiga watu wawili kumbe ni mmoja, anza na mkono wa kulia, tena dole gumba peke yake.

Kwanza tyuni, yaani weka kila uzi kwenye sauti yake. Uzi mnene ni E, inafuata A, D, G, B, na mwembamba ni E tena. Tumia programu ya simu, usikisie, maana gitaa likiwa halijatyuniwa utajiona huna kipaji bure.

Haya shika kodi ya C. Tunahesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba: kidole cha shahada uzi wa pili freti (nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa) ya kwanza, cha kati uzi wa nne freti ya pili, cha pete uzi wa tano freti ya tatu. Bonyeza nyuma kidogo ya kile chuma, sio juu yake, la sivyo uzi utazomea. Kushoto kumeisha, acha hapo hapo. Sasa gumba la kulia lipige uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne, bila haraka, mpaka uweze kupiga stori na mtu huku gumba linaendelea lenyewe. Usiruke hii hatua jamani.

Ndo uingize shahada. Hesabu kwa sauti "moja na mbili na tatu na nne na", gumba linapiga kwenye namba, shahada inadonoa uzi wa kwanza au wa pili kwenye ile "na" baada ya mbili na ile baada ya tatu. Hapo gumba litataka kumfuata mwenzake, litakwama, ni kawaida, punguza spidi. Ukishazoea, G ni gumba uzi wa sita na wa nne, F ile ndogo, isiyobana nyuzi zote, gumba lihamie wa nne na wa tatu. Kodi tatu hizo zinatosha kukuweka bize muda mrefu sana.

Huu upigaji wa gumba na shahada ndo uliompa jina Mwenda Jean Bosco wa Katanga kule Kongo, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, siku hizi Likasi. Ilikuwa miji ya migodi, watu wametoka makabila tofauti kufuata kazi, Kiswahili ndo kinawaunganisha, na gitaa kavu unalibeba begani halihitaji umeme wala bendi. Kwahiyo gumba likawa besi, ile sauti nene ya chini, shahada ikawa solo, yaani inapiga wimbo wenyewe, mtu mmoja anachezesha kundi zima. Edouard Masengo naye wa huko huko, akaja kupigia Nairobi.

Kwenye bendi za dansi zile kazi zikagawanywa, huyu solo, huyu rithim ya kushikilia mdundo, yule besi, na wapigaji wengi hata gitaa hawakuwa nalo, vyombo ni mali ya mwenye bendi. NUTA Jazz ya 1964 kwa mfano ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki ni mwajiriwa kama karani. Ukihama bendi unaacha gitaa unaondoka na vidole vyako.

Benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo wa Kenya, nayo ina njia yake. Wajaluo walikuwa na nyatiti, kinubi chao chenye nyuzi 8, na ukimsikiliza D.O. Misiani wa Shirati Jazz utasikia gitaa linaongea kwa namna ile ile, uzi mmoja mmoja, linajibizana na mwimbaji. Jaribu hivi: imba mstari mfupi wowote, nyamaza, halafu utafute huo mstari kwenye zile nyuzi tatu nyembamba bila kodi yoyote. Mwanzoni utapapasa kweli, ila sikio linafunguka haraka kuliko ukikariri michoro, na wengi wa wazee walijifunza hivyo hivyo, kwa kusikiliza na kuiba kwa macho.

Vidole vya kushoto vitauma mpaka viote sugu, usilazimishe. Dakika 15 kila siku ni bora kuliko masaa matatu ya jumapili, na siku ambazo kushoto kunauma sana we piga nyuzi wazi tu bila kubonyeza, gumba lisipumzike.