Crown Victoria ya mtumba: anzia nyuma ya alternata

Kwa Crown Victoria, gari la Ford la Marekani, za 1996 hadi 2001 zenye injini ya V8 ya lita 4.6, fungua boneti injini ikiwa baridi, umulike tochi nyuma ya alternata. Hapo manifodi ya plastiki (sehemu inayogawa hewa kwenye silinda) hupitisha maji ya rejeta, na ndipo inapopasuka. Ukiona maji yametuama katikati ya injini, au alama nyeupe zilizokauka, imeshaanza. Maji yakiingia kwenye mashimo ya plagi, injini inakosa moto na kutetema. Dai manifodi mpya yenye sehemu ya mbele ya alumini, si gundi.

Gari likitoka majimbo ya Marekani yanayomwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, kama Michigan au Ohio, lala chini uchokonoe chesisi kwa bisibisi, hasa juu ya ekseli ya nyuma. Ikizama, kutu imekula chuma, ondoka. Rangi nyeusi mbichi huko chini nayo inatia shaka.

Barabarani, shika maili 45 kwa saa ukikanyaga mafuta kidogo tu. Mtetemo kama wa kupita kwenye matuta madogo ni gia boksi. Mara nyingine kubadilisha oili ya gia boksi na kuweka aina ya Mercon V kunatosha.

VIN (namba ya utambulisho wa gari) yenye P71 ni ya gari la polisi: injini imeunguruma gari likiwa limesimama kwa saa nyingi ambazo odomita haihesabu.