Kompyuta inawaka na vitu usivyovijua: namna ya kuvitambua kimoja kimoja

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na 11. Umetokana na kompyuta ya stesheneri moja ambayo kila ikiwashwa ilileta kidirisha cha "Windows Script Host" kikilalamika kuwa faili la skripti halionekani. Antivairasi ilishafuta kirusi siku nyingi. Kilichobaki ni ratiba iliyoendelea kuliita faili ambalo halipo tena.

Hatua ya 1: Orodha fupi

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nenda "Startup apps" (kwenye Windows 10 ni "Startup"). Bofya kulia juu ya vichwa vya safu, washa "Command line". Bila safu hiyo unasoma majina tu, na jina mtu hujiwekea analotaka.

Ukikuta kitu kinaitwa "Program" na ikoni yake ni tupu, usishtuke. Mara nyingi ni mabaki ya programu iliyoondolewa: njia yake inaanza na C:\Program Files bila alama za kunukuu, Windows ikasoma mpaka kwenye nafasi ikaishia hapo. Zima, songa mbele.

Hatua ya 2: Autoruns

Autoruns ni programu inayoorodhesha kila kinachojiwasha pamoja na Windows. Ipakue kwenye kurasa za Sysinternals za Microsoft, si kwingine. Ni ya bure na haihitaji kusakinishwa. Iendeshe kama admin. Zile programu za "kusafisha kompyuta" sizitumii kabisa. Nyingi zenyewe huwa za kwanza kujipachika kwenye orodha ya kuwaka.

Kwenye Options, "Scan Options", washa "Verify Code Signatures". Mstari wa njano maana yake faili halipo, wa pinki maana yake hakuna saini inayoaminika (saini ya kidijitali inayothibitisha aliyetengeneza faili). Pinki peke yake si hukumu: programu za printa kuukuu na za maduka madogo mara nyingi hazina saini. Ukiwasha VirusTotal (huduma ya mtandaoni inayokagua faili kwa antivairasi nyingi), acha "Submit Unknown Images" ikiwa imezimwa, hasa kwenye kompyuta ya ofisi, maana hiyo hutuma faili lenyewe nje.

Hatua ya 3: Task Scheduler

Hapa ndipo Windows huweka ratiba za kuendesha programu zenyewe, na ndipo watu hupoteza siku. Win+R, andika taskschd.msc, kisha View, "Show Hidden Tasks". Anza na zilizo juu kabisa kwenye Task Scheduler Library, kabla ya kuingia folda za Microsoft.

Zile za GoogleUpdate, MicrosoftEdgeUpdate na OneDrive kwa kawaida ni za masasisho. AutoKMS au AutoPico maana yake Windows au Office ya mashine hiyo iliamilishwa kwa kraki. Mwambie mwenyewe kabla hujagusa: uamilishaji wa namna hiyo (KMS) hudumu siku 180, na ukishaisha atakuja kukuuliza umemfanyia nini.

Zilizobaki, usihangaike na jina wala maelezo. Kirusi kinaweza kujiita "GoogleUpdate" vilevile. Fungua tabo ya "Actions" usome mstari mzima, kwa sababu programu inayoitwa huwa halali kabisa: wscript.exe, powershell.exe, rundll32.exe, cmd.exe. Zote ni za Microsoft na zina saini, kwa hiyo ukizikagua zenyewe utaambiwa ni salama. Ubaya uko kwenye maneno yanayofuata. Mfano:

wscript.exe //B "C:\Users\Duka\AppData\Roaming\helper.vbs"

//B inaamuru skripti iende kimyakimya, isionyeshe kosa lolote. Faili la .vbs ndani ya AppData, likiitwa kila dakika chache, sijaona sababu njema yake kwenye kompyuta ya dukani. Kwa rundll32, tafuta .dll iliyotajwa iko folda gani.

Kwa powershell, angalia "-w hidden" na "-enc". Ya kwanza huficha dirisha, na baadhi ya programu halali huitumia. Ya pili hufuatwa na herufi ndefu zisizosomeka. Zisome bila kuziendesha, kwa kuzibandika mahali pa neno HAPA kwenye mstari huu, ndani ya PowerShell:

[Text.Encoding]::Unicode.GetString([Convert]::FromBase64String('HAPA'))

Ukiona anwani ya mtandao inayopakua kitu usichokijua, jibu umelipata.

Halafu "Triggers". Ya masasisho huamka kwa saa au kwa siku. Inayoamka kila dakika, na pia kila mtu anapoingia, ichunguze kwa makini. Na si kila dirisha jeusi linalowaka na kuzima ni kirusi: mwaka 2017 kazi ya Office yenyewe, OfficeBackgroundTaskHandler, ilisumbua watu hivyohivyo.

Hatua ya 4: Kuondoa

Zima kwanza ("Disable"), usifute. Kabla ya kufuta, bofya kulia, "Export", uhifadhi ile XML. Ukiwa umekosea utai-"Import" tu.

Ikifutwa ikarudi yenyewe, kuna mwenzake aliye hai anayeiandika upya. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: chomoa flashi zote na kata intaneti. Kwenye "Details" ya Task Manager ua kila wscript.exe. Kisha, bila kuwasha upya katikati, futa ratiba, futa mstari wake kwenye Registry (Win+R, regedit) chini ya HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run, futa faili lake kwenye folda ya shell:startup (iandike kwenye Win+R), mwisho faili lenyewe. Ukianza na faili, unabaki na kile kidirisha cha stesheneri. Kama mashine ina watumiaji wengi, rudia kwa kila mmoja. Autoruns ina menyu ya "User" kwa kazi hiyo.

Hatua ya 5: Flashi

Flashi ambayo folda zake zimegeuka shotikati, usizibofye. Fungua cmd (kama flashi ni E:) uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda halisi zitaonekana. Futa shotikati na faili la .vbs au .js lililojitokeza, ndipo uwashe kompyuta upya na kuangalia Task Scheduler mara nyingine.