Kabla hujaiamini programu ya kutengeneza diski

Diski ikianza kusumbua, wengi hapa Arusha na Moshi hukimbilia kuomba programu kwenye flashi ya jirani. Anza kwa kujua kinachoumwa. Programu inaweza kurekebisha mpangilio wa mafaili uliovurugika, tuseme umeme umekatika kompyuta ikiwa inaandika. Kichwa cha kusomea kilichochoka haikiwezi, wala sahani iliyokwaruzika. Ukisikia diski inagonga tak, tak, tak, zima hapo hapo, kwa sababu kila dakika inayozunguka inaweza kuongeza mikwaruzo.

Kama haigongi, ipime afya kwa CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Tazama mistari ya 05, C5 na C6. Wa 05 huhesabu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akiba, C5 zile zinazosubiri kwa kuwa hazisomeki vizuri, C6 zilizoshindikana kabisa. C5 ikizidi sifuri, na hasa ikipanda kutoka jana hadi leo, diski haina muda mrefu. Angalia pia namba zenyewe: programu hii huzionyesha kwa heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16, kwa hiyo 10 maana yake ni 16. Ikiwa inayopanda ni C7 peke yake (makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta), badilisha kwanza waya wa SATA, unaounganisha diski na kompyuta. Hesabu ya C7 hairudi sifuri, ila waya ukiwa ndio tatizo itaacha kupanda.

Kisha nakala, na hapa usiwe na haraka. Tafuta diski ya pili yenye ukubwa ule ule au zaidi, uwashe mfumo wa Linux kutoka kwenye flashi, unakili kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ukiipa faili la ramani. Ramani hiyo hukumbuka ilipofikia, hivyo umeme ukikatika unaendelea pale pale badala ya kuanza upya. Hata hivyo tumia UPS (betri ya akiba ya kompyuta), au laptopu yenye betri nzima. Diski isiyo na hitilafu ya GB 500 inayosomeka kwa MB 80 kwa sekunde huchukua karibu saa mbili, lakini inayoumwa inaweza kuchukua siku kadhaa. Hakikisha kwa lsblk, amri ya Linux inayoorodhesha diski, ipi ni chanzo na ipi ni pa kuwekea. Ukizigeuza, umefuta ulichotaka kuokoa. Ukihifadhi nakala kama faili moja, pa kuwekea pasiwe na mpangilio wa mafaili wa FAT32, maana haipokei faili la GB 4 au zaidi.

Sasa ndipo uipime programu. Inayoaminika husoma bila kuandika kwenye diski inayoumwa, hukuonyesha mafaili kabla ya kukudai hela, na hukutaka uyahifadhi diski nyingine. Inayoahidi kufufua sekta mbovu kwa kubofya mara moja, iache. CHKDSK ya Windows yenyewe inarekebisha mpangilio, haijali mafaili yako: vipande vilivyopotea inaweza kuvitupa kwenye folda ya found.000 kwa majina kama FILE0000.CHK. Iendeshe juu ya nakala tu. TestDisk na PhotoRec, programu za kurudisha data, ni za bure na zinafaa, ingawa PhotoRec hurudisha picha bila majina yake ya awali.

Usitumie kopi iliyovunjwa kufuli, hata kama bando ni ghali. Pakua kwenye tovuti ya watengenezaji, kisha linganisha alama ya SHA-256 (inayoonyesha kama faili limebadilishwa) na ile ya tovuti, kwa amri ya certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Usiisakinishe kwenye diski inayoumwa.

Ijaribu kwenye flashi ya GB 8: weka picha 20, zifute, zirudishe, ufungue moja moja. Picha yenye nusu ya juu sawa na ya chini kijivu haijarudi, hata kama programu imeandika kwamba imefaulu.

Jaribio hilo halisemi lolote kuhusu SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka. Huko TRIM, amri inayoiambia SSD nafasi isiyotumika tena, huondoa data ya faili lililofutwa, mara nyingi ndani ya muda mfupi. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, uwe na ufunguo wa tarakimu 48 mkononi kabla ya kuichomoa.