Kuchagua mfumo janja kwa nyumba ambayo imeshajengwa

Kabla ya kwenda Kariakoo kuuliza bei ya mfumo janja, yaani swichi na vifaa vya nyumbani unavyoendesha kwa simu, fungua swichi za ukutani. Nyumba ikishapigwa plasta na rangi, nyaya zilizomo nyuma ya swichi ndizo zinazoamua mfumo gani utakufaa, kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Swichi janja nyingi zinahitaji waya wa nyutro (ule unaorudisha umeme) ili zipate umeme wao wenyewe hata taa ikiwa imezimwa, na katika nyumba zetu nyingi waya huo haufiki kwenye swichi. Unaishia darini.

Fungua angalau tatu: ya sebuleni, ya chumbani na ya taa ya nje. Nyumba iliyoongezwa vyumba kidogo kidogo huwa imepita kwa mafundi tofauti, na kila mmoja alivuta nyaya kwa mtindo wake. Zima meni swichi, hakikisha kwa testa kwamba umeme haupo, kisha legeza skrubu mbili uivute swichi taratibu. Rangi zinadanganya hapa. Nyaya za zamani ni nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Za sasa ni kahawia na bluu. Lakini ukikuta waya mweusi kwenye swichi, mara nyingi ni ule unaokwenda kwenye taa, wala si nyutro.

Kipimo cha uhakika ni multimita, na kazi hiyo, pamoja na nyingine zote za nyaya zilizomo humu, ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Atoe kwanza balbu zote zinazowashwa na swichi hiyo, azime swichi, arudishe umeme, ndipo apime kati ya waya wa moto na ule unaoshukiwa. Ikisoma karibu volti 230 na kutulia, na waya wenyewe si ethi (waya wa ardhini), hiyo ni nyutro. Ikisoma namba ndogo inayopanda na kushuka, huo ni waya wa taa. Balbu ikiachwa mahali pake, hata waya wa taa unaweza kusoma karibu 230, kwa sababu umeungana na nyutro kupitia balbu yenyewe. Ndivyo watu wanavyonunua swichi kumi zisizofaa.

Kama nyutro haipo, njia bora ni kuivuta. Nyumba iliyopitishiwa mabomba ya plastiki ndani ya ukuta inaruhusu kuongeza waya wa milimita za mraba 1.5 kutoka darini, ilimradi bomba halijazibwa na saruji. Nyutro hiyo itoke kwenye saketi ileile ya taa. Fundi akiichukua kwenye soketi ya chumba cha jirani kwa kuwa iko karibu, kinga ya uvujaji wa umeme kwenye bodi inaweza kuwa inakata ovyo, na siku mtu akizima saketi moja ili atengeneze, waya anaouona salama utaweza kumpiga. Ethi nayo isitumike kama nyutro kwa hali yoyote.

Njia ya pili ni relei ndogo (swichi ya ndani inayoamrishwa kwa simu) inayofungwa darini palipo na nyutro, huku swichi ya zamani ikibaki ukutani kama kawaida. Tatizo lake ni joto. Relei nyingi zimeandikiwa mwisho wa nyuzi 40 za hewa inayozizunguka, na dari ya mabati saa nane mchana wa Januari inapita hapo kwa urahisi. Njia ya tatu ni swichi zisizohitaji nyutro. Hizi huiba umeme kidogo kupitia balbu, kwa hiyo taa ya LED ya wati chache humetameta au hubaki na mwanga hafifu ikiwa imezimwa. Kapasita, kifaa kidogo kinachokuja nayo ili kuzuia hilo, hufungwa sambamba na taa, si kwenye swichi. Usiinunue bila hiyo kapasita.

Pima pia kina cha boksi la ukutani. Swichi yenye relei nyuma yake inataka milimita 35 au zaidi. La milimita 25 litakulazimisha kubana nyaya, na nyaya zilizobanwa hulegea kwenye skrubu na kuchoma.

Sasa amua unataka kuendesha nini. Kwa Dar, vitu vinavyolipa gharama ni pampu ya maji, AC, hita ya maji na taa za nje. Mota za mapazia zinaweza kusubiri.

Pampu ndiyo inayoharibu vifaa vingi zaidi ikifungwa vibaya. Pampu ya nguvu farasi moja, inayopandisha maji kutoka kisimani au tenki la chini kwenda kwenye simtanki, hutumia takriban ampea 5 ikishakolea mwendo, lakini inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya hapo kwa kitambo kifupi. Relei iliyoandikwa ampea 10 au 16 inahesabiwa kwa mzigo kama pasi au hita, si mota. Baada ya kuwashwa mara nyingi, vidole vyake vya ndani huungana kwa joto: simu inaonyesha pampu imezimwa, kumbe inaendelea. Simtanki litafurika, au kisima kikikauka pampu itaungua. Kwa hiyo relei janja iamrishe kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili ya umeme), na kontakta ndiyo ibebe mota. Chagua kontakta yenye koili ya volti 230 na kiwango cha AC-3 (kile cha mizigo ya mota) kinachozidi ampea za pampu. Boya la tenki la juu na kinga ya kukosa maji zibaki zimefungwa kwa mfululizo kwenye waya wa koili, ili zikate hata kama relei imeganda au programu imekosea. Usimruhusu fundi aondoe boya eti kwa sababu sasa kuna simu.

Hita ya wati 3,000 huvuta ampea 13 mfululizo. Nayo ipewe kontakta. AC usiikate kwenye umeme kwa relei. Tumia kifaa kinachotuma mwanga wa rimoti, ukiweke kinapoiona AC bila kabati wala pazia katikati. Pangaboi liwashwe na kuzimwa kwa relei iliyo kabla ya reguleta yake. Kipunguza mwanga cha taa kitalifanya livume na kupata joto.

Kuhusu mawasiliano, vifaa visivyozidi kumi vinakwenda vizuri na Wi-Fi ya kawaida. Zaidi ya hapo ruta nyingi za bei nafuu huanza kusuasua, na Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa janja usiotumia Wi-Fi, inakuwa chaguo la busara: kila kifaa chake chenye umeme wa ukutani kwa kawaida hupokezana mawimbi na kingine, jambo linalosaidia sana penye kuta za tofali za saruji na nguzo zenye nondo. Vile vya betri havipokezi, kwa hiyo kihisi cha getini kinahitaji kifaa cha ukutani njiani. Vifaa vingi vya Wi-Fi vya aina hii hushika 2.4 GHz tu. Simu ikiwa kwenye 5 GHz, kuviunganisha hugoma. Na ukibadilisha kampuni ya intaneti, ipe ruta mpya jina na nywila zilezile za zamani, la sivyo utaunganisha vyote upya.

Kabla ya kununua seti nzima, nunua kifaa kimoja ukijaribu hivi: chomoa intaneti lakini ruta ibaki imewashwa. Kama simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo haiwezi kuwasha taa, kifaa hicho kinategemea seva za mtengenezaji, na bando likiisha kitakuwa swichi ya kawaida tu. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni ya vifaa janja ya Marekani, zilizimwa ghafla, na wateja wakabaki na vifaa visivyosikia simu. Tunapendekeza vinavyoendeshwa ndani ya nyumba, kwa mfano kupitia Home Assistant, programu ya bure inayokaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Inataka uvumilivu wa siku chache za mwanzo, lakini inaunganisha vifaa vya kampuni tofauti.

Umeme wa TANESCO ukikatika na kurudi saa tisa usiku, vifaa vitafanya nini? Tafuta kwenye programu mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi. Pampu na hita ziwekwe zibaki zimezimwa. Taa za nje zirudi zilivyokuwa. Kifaa kisicho na mpangilio huo usikinunue. Kama una AC kadhaa, ratiba iziwashe kwa kupishana dakika chache.

Ruta na kituo cha mfumo vipewe betri yao. Vikitumia jumla ya wati 15, saa nne zinahitaji wati-saa 60, na upotevu unafikisha kama 75. Betri ndogo ya ruta iliyoandikwa mAh 10,000 kwa kawaida huhesabiwa kwa volti 3.7, yaani wati-saa 37, ambazo zitakupa kama saa mbili. Soma wati-saa, usiangalie mAh.

Ukiwa Msasani, Kigamboni au popote upepo wa chumvi unapofika, vya nje viwe IP65 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji) na nyaya ziingie kwa chini. Mpangaji, achana na mambo ya ukutani: soketi janja za pini tatu, balbu, rimoti ya AC na vihisi vya betri vinatosha, na siku ya kuhama vyote vinaingia kwenye begi moja.