SOMO: Kung'arisha ndani ya mtutu wa shotigani ya zamani bila kuumaliza

Naandika hili mara moja ili nisilirudie tena. Kila wiki natumiwa picha ya mtutu mweusi ndani, na swali ni lile lile: "Fundi, nipige msasa namba ngapi?" Hili ni kwa mwenye leseni na bunduki yake halali. Bunduki isiyo na karatasi siigusi, na usiniulize.

1. Hakikisha haina risasi. Tazama kwa macho, kisha ingiza kidole kwenye chemba. Ya mitutu miwili, chemba zote mbili.

2. Vua mitutu, ibane kwenye vaisi iliyotandikwa ngozi au mbao. Usiikaze sana.

3. Safisha kwanza. Loweka ndani kwa mafuta ya taa usiku mmoja, asubuhi pitisha brashi ya shaba. Weusi mwingi mnaouita kutu ni madini ya risasi na plastiki ya wadi (kikombe kinachobeba marisau ndani ya risasi) iliyoganda. Wengi wenu mngeishia hapa.

4. Elekeza mtutu dirishani uchungulie. Mwanga ujipange duara baada ya duara. Ukiona kivuli chenye umbo la tone, mtutu umebonyea, na usisage. Bonyeo limeingia kwa ndani, kwa hiyo msasa utalila lenyewe kwanza na kukuachia ukuta mwembamba kama bati. Linyanyuliwe kwanza na fundi.

5. Pima. Bunduki nyingi za zamani huku kwetu ni za Uingereza, zenye mihuri ya majaribio (alama kwamba mtutu ulijaribiwa ukastahimili) ya Birmingham au London chini ya mitutu. Zilizopigwa mhuri kati ya 1954 na 1989 zina kipenyo kwa inchi, mfano .729, yaani milimita 18.5. Kipimo hicho huchukuliwa inchi 9 kutoka nyuma ya mtutu. Kikiwa kimeongezeka zaidi ya inchi 0.010, mhuri ule hauna thamani tena. Unene wa ukuta nao upimwe: chini ya inchi 0.020, nusu milimita tu, acha.

6. Kusaga. Hapa ndipo nilipoharibu bunduki ya baba mdogo. Nilipasua ncha ya kijiti, nikaviringisha msasa 120, nikakifunga kwenye drili na kuiachia kasi yote. Kulikuwa na kishimo kimoja cha kutu katikati ya mtutu nikakiona kama adui. Nikasimama nacho mpaka kikaisha. Nilipochungulia dirishani, pale pale palikuwa na pete ya kivuli: nimechimba tumbo. Ulipopimwa, ukuta haukufaa tena kupigiwa. Ile mitutu inaning'inia sebuleni kwake mpaka leo, na kila nikienda kusalimia naiona.

Kwa hiyo anza na 320 iliyolowa mafuta, kisha 400, malizia 600. Drili iende polepole, mkono uende na kurudi urefu mzima, USISIMAME MAHALI PAMOJA. Funga tepu kwenye fimbo ili uishie sentimita 10 kabla ya mdomo, maana choki, yaani sehemu inayobana marisau, iko huko. Mtutu ukipata joto mkononi, pumzika: mitutu miwili imeunganishwa kwa lehemu laini. Kila baada ya dakika chache futa, chungulia, pima tena. Vishimo viache. Mtutu wenye vishimo vidogo na ukuta mnene ni bora kuliko unaong'aa kama kioo na umekonda.

7. Malizia na sufu ya chuma namba 0000 yenye mafuta.

8. Osha mpaka kitambaa kitoke cheupe. Paka mafuta ya bunduki.

MASWALI

Mzee wa Shamba: Msasa namba ngapi?
— Hatua ya 6.

Kijana wa Kazi: Nimetumia ile pesti ya kusagia valvu kama ulivyosema, sasa naona pete ndani.
— Sijasema hivyo popote. Usiipige hiyo bunduki. Ikapimwe unene kwanza.

Kijana wa Kazi: Lakini pesti si inafanya haraka?
— Ndiyo, na ndiyo maana una pete.

Binti Mwindaji: Shikamoo fundi. Marehemu babu alikuwa akipaka mafuta kila akirudi porini, mbona mtutu wake umeliwa hivi?
— Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Babu hakuwa mzembe. Fataki za zamani, yaani viwashio vya kitakoni mwa risasi, zilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikiungua inaacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu, nayo inaendelea kula chini yake. Dawa ilikuwa maji ya moto, kukausha vizuri, ndipo mafuta. Kama bado una risasi za enzi hizo, fanya hivyo siku hiyo hiyo.

Binti Mwindaji: Asante. Kwa nje ina michoro kama mbao.
— Basi simamisha kazi. Hiyo ni damaski, vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa na kuunganishwa kwa moto. Nyingi zilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu. Mtu anayezijua asome mihuri kabla hujasaga au kupiga chochote.

Mtu wa Pwani: Nataka kuondoa choki kabisa, marisau yatawanyike. Nisage tu?
— Hapana. Hilo ni somo lingine na si la drili ya nyumbani.

Mtu wa Pwani: Haya. Na kuirudishia weusi wa nje kwa chumvi za kuchemsha?
— Si kwa mitutu miwili. Dawa hiyo hula lehemu, mitutu inaachana. Tumia ile ya baridi au ya kutusha polepole. Na kwa kuwa uko pwani: usiihifadhi kwenye ala ya ngozi, inashika unyevu. Isimamishe kabatini, mdomo chini, ili mafuta yasishukie kwenye mbao ya kitako.

Mtu wa Pwani: Mimi natumia mafuta ya kupikia.
— Yanaganda kama gundi. Yatoe leo kwa mafuta ya taa.