Somo: Kuingia Nairobi kwa kongamano la biashara la vijana bila kupoteza siku njiani

Vijana wengi wa Pwani wanaoalikwa makongamano ya biashara Nairobi hujiandaa barabara kwa upande wa biashara. Kadi wanazo, sampuli wanazo, na maneno ya kujitambulisha kwa dakika moja wameyakariri. Jiji lenyewe ndilo hawalipangii. Siku ya kwanza wanaingia ukumbini saa tano, wamechoka na wamekasirika, na chai ya saa nne imeshawapita. Nataka mnielewe hapa: chai ya saa nne ndiyo kongamano. Hotuba utazipata baadaye kwenye simu. Yule mnunuzi wa nazi kutoka Thika aliyekuwa amesimama na kikombe chake akitafuta mtu wa kuongea naye, huyo hutampata tena.

Somo hili ni kwa anayetoka Mombasa kwenda KICC, yaani Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta. Jumba hilo la ghorofa 28 lilipokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1973, na hadi leo makongamano mengi makubwa hufanyiwa pale. Kama lenu liko Westlands au Kasarani, mpango ni ule ule, zitabadilika barabara tu.

Hatua ya kwanza: fika siku moja kabla, na ufike mchana

Treni ya Madaraka Express imekuwa ikiondoka kituo cha Miritini, Mombasa, saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Thibitisha ratiba kabla ya kulipa. Tiketi unaikata kwa simu kupitia *639# na unalipa kwa M-Pesa. Daraja la kawaida limekuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Siku za karibu na sikukuu na shule zinapofungwa viti huisha haraka, kwa hivyo usingoje wiki yenyewe.

Chagua ya saa mbili asubuhi. Inasimama vituo vya njiani, ndiyo, lakini inakuingiza Nairobi kama saa nane mchana, jua lingalipo na watu wako kazini. Ya saa tisa inakufikisha usiku, na ya saa nne usiku inafika kabla ya alfajiri. Ukilazimika kupanda hiyo ya usiku, usitoke kituoni gizani. Kaa ndani mpaka kupambazuke.

Beba kitambulisho chako halisi, picha ya kwenye simu haitoshi. Fika Miritini saa nzima kabla ya safari, maana mizigo hupangwa chini kwa mstari inuswe na mbwa wa polisi, kisha inapita kwenye mashine. Mwenye sampuli azipange juu ya begi ili akiulizwa afungue bila kumwaga nguo zote pale. Tena msifungashe bidhaa kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea. Imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na mnunuzi makini akiiona bidhaa yako humo atajiuliza ni sheria gani nyingine huifuati.

Hatua ya pili: lala mahali unapoweza kutembea kwa miguu

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Kijana anaambiwa chumba cha mjini ni shilingi elfu mbili na kitu, halafu anakumbuka binamu yake anakaa Rongai au Githurai, nje ya mji, na hatalipa chochote. Anakwenda kwa binamu. Sasa hesabu vizuri: nauli ya kwenda na kurudi, na jioni mvua ikinyesha makanga huongeza maradufu. Kuamka saa kumi na moja. Foleni. Halafu kuondoka ukumbini saa kumi jioni kwa kuogopa giza, wakati wenzako ndio kwanza wanakaa kuzungumza. Kwa kongamano la siku mbili, chumba cha mjini kinakulipa. Mkitoka kikundi, shirikianeni vyumba.

YMCA iliyoko State House Road na YWCA ya Mamlaka Road zinajulikana na vijana wa miaka mingi. Kutoka huko hadi KICC ni mwendo wa kama nusu saa kwa mguu. Gesti za River Road na Accra Road ni rahisi na ziko karibu zaidi, lakini kelele za matatu haziishi, na usiku mitaa ile si ya kuzurura. Ukipata huko, ingia mapema.

Hatua ya tatu: kutoka Syokimau hadi katikati ya mji

Kituo cha SGR, yaani reli ya Madaraka Express, hakiko mjini, kiko Syokimau, nje kidogo ya Mombasa Road. Ukishuka utakuta madereva wa teksi wamejipanga wakikuita kwa upole sana. Pita. Fuata watu wanaoelekea kwenye treni ya abiria ya kuunganisha, inayokwenda Nairobi Central, stesheni ya zamani. Nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na teksi, na haijui foleni ya Mombasa Road.

Ukitoka Nairobi Central, vuka Haile Selassie Avenue uingie Moi Avenue na uende nayo moja kwa moja. Pale pembeni utaiona bustani ya kumbukumbu ya shambulio la bomu la Agosti 7, 1998. Endelea. Barabara ya kwanza kubwa ya kushoto ni Harambee Avenue, yenye ofisi za serikali. Ya City Hall Way iko mbele yake, kwenye jengo la Kencom. Ingia kushoto yoyote kati ya hizo mbili, na lile jumba la mviringo utaliona limesimama juu ya paa za wengine. Kwenye Harambee Avenue weka simu mfukoni, usianze kupiga picha majengo ya serikali.

Kuvuka barabara ni somo lake. Taa zikiwa kijani na askari wa trafiki akawa ameinua mkono, mkono ndio sheria. Subiri kundi la watu uvuke nao.

Hatua ya nne: jioni hiyo hiyo, itembee njia yako

Ukishaweka begi chumbani, usilale. Toka, tembea mpaka lango la KICC, uulize wageni wa kongamano huingilia upande gani, halafu urudi. Tazama saa. Huo ndio muda wako wa kesho, ongeza dakika 20 za foleni ya ukaguzi langoni. Alama za kushika kichwani: Kencom, jengo la Kumbukumbu za Taifa lililoko Moi Avenue, na sanamu ya Tom Mboya iliyo karibu nalo. Ukipotea, muulize mtu jina la mojawapo ya hizo. Muulize mlinzi wa benki au mwenye kibanda cha M-Pesa. Usimuulize anayekufuata.

Na baridi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Julai mtu wa Mombasa anaweza kutetemeka mbele ya mwekezaji mpaka sauti ikakatika. Beba sweta, hata kama utalivaa ndani ya koti.

Hatua ya tano: ukilazimika kupanda matatu

Kila njia ina namba na steji yake: 111 ni Ngong, 125 ni Rongai, 58 ni Buruburu. Magari ya Rongai na Ngong utayapata upande wa Railways, karibu na stesheni ya zamani. Uliza nauli kabla ya mguu wako kupanda. Makanga akisema "finje" ni hamsini, "soo" ni mia, "mbao" ni ishirini. Kaa mbali na dirisha kama unataka kutumia simu, au funga dirisha. Simu nyingi hunyakuliwa gari likiwa limesimama kwenye foleni, mwenyewe akiwa anaandika ujumbe.

Kwa teksi za programu, Uber, Bolt au Little, linganisha namba ya gari na iliyo kwenye simu kabla ya kufungua mlango. Dereva akikuambia ghairi safari tupatane pembeni, mwache aende.

Hatua ya sita: pesa

Nairobi unaweza kumaliza wiki bila kushika noti. Mama wa chapati ana Pochi la Biashara, duka lina namba ya till, zote za kulipia kwa M-Pesa. Hata hivyo weka noti ndogo ndogo za matatu mfuko wa mbele, kitambulisho mfuko mwingine. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Usipokee soda wala chakula kutoka kwa mtu mliyefahamiana dakika tano zilizopita, hata akiwa na kitambulisho cha kongamano shingoni.

Jambo moja linawaumiza wengi: usitandaze bidhaa zako kwenye kijia nje ya ukumbi. Askari wa kaunti hawatakuuliza umealikwa na nani, na sampuli zako zitapanda gari lao. Uza ndani, kwenye meza uliyopewa.

Hatua ya saba: siku ya kurudi, pitia Popo Road

Watu wanarudi Mombasa bila kujua kwamba shirika la viwango, KEBS, na taasisi ya kusajili alama za biashara, KIPI, ziko barabara moja: Popo Road, South C. Popo Road iko upande wa Mombasa Road, ndiko unakoelekea ukienda kupanda treni. Kama unapika achari au unakamua mafuta ya nazi, tenga asubuhi hiyo. Nenda na bidhaa moja iliyofungashwa na maswali yaliyoandikwa. Nusu saa ya ana kwa ana na ofisa inaweza kukuokolea miezi ya kupiga simu. Kwa treni ya saa tisa, uwe Syokimau saa nane kamili. Kwa ya saa nne usiku, usikubali kukamatwa na foleni ya jioni. Rudi Nairobi Central upande treni ya kuunganisha.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Lamu: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni msichana wa miaka 20, nasuka mikoba ya ukili. Nimealikwa lakini mama hataki nisafiri peke yangu. Nimwambie nini?

Waaleikum salaam, mwanangu. Mama ana haki ya kuwa na wasiwasi, usishindane naye. Mpe vitu vya kushika: barua ya mwaliko, jina na simu ya unakolala, namba ya treni, na namba ya mwenzako mmoja mnayesafiri naye. Waandikie waandaaji uulize kama kuna msichana mwingine anayetoka Pwani, wanayo orodha. Halafu mpangie mama saa ya kumpigia kila jioni, na uishike.

Mwanachama wa Kwale: Kongamano langu lina Ijumaa. Kuna msikiti karibu na KICC?

Msikiti wa Jamia uko mjini hapo hapo, kama dakika kumi kwa mguu kutoka KICC. Ijumaa hujaa mapema, toka ukumbini kabla ya saa sita na nusu. Maeneo ya karibu nao yana chakula cha halali, na soko la City Market liko jirani ukitaka kuona wenzako wa vinyago na vikapu wanauzaje. Ukiwa na meza ya maonyesho, mwachie mtu unayemwamini, usiiache wazi.

Mwanachama wa Tanga: Kaka, sisi wa huku ng'ambo ya mpaka je? Naingilia Namanga kutoka Arusha.

Karibu sana ndugu yangu. Beba pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chukua basi la asubuhi ili ufike Nairobi jua lingalipo. Ukishafika, sajili laini ya simu ya Kenya kwa pasipoti yako na ufungue M-Pesa siku hiyo hiyo, la sivyo kila duka litakusumbua. Shilingi badilisha kwenye duka la fedha lenye leseni na risiti. Wale wanaokukimbilia mpakani na vitita mkononi waache.

Mwanachama wa Kilifi: Mwalimu, shangazi yuko Kayole na amesema nisipolala kwake atakasirika. Chumba nimeshalipa.

Usimvunje moyo shangazi. Mpigie leo, usingoje ufike. Mwambie kongamano linaanza saa mbili asubuhi na linaisha usiku, na kwamba siku ya mwisho utakwenda kulala kwake, urudi Mombasa kesho yake. Mpelekee nazi na maembe. Wakati unakwenda, panda gari kabla ya saa kumi jioni, mwambie akupokee steji, na begi la sampuli lipakate miguuni, usikubali makanga aliweke nyuma.