Jinsi ya kumpeleka mchumba nyumbani Mtwara bila kuzua balaa

Usianze na baba, anza na mjomba, maana huku kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo tunahesabu upande wa mama, mjomba akikaza umekwisha hata kama mahari unayo mkononi. Halafu cheki taimingi, mwezi wa tisa watu wako kwenye mikorosho hawana hela wala mudi, subiri minada ya korosho ianze kuanzia mwezi wa kumi, hela ikiingia wazee wanacheka wenyewe 😂

Mchumba atoe shikamoo kabla hajakaa, simu ibaki kwenye pochi. Mama alimuuliza mchumba wangu "kwenu wapi mwanangu?" basi, akaendelea kuchambua kisamvu kimyaaa, nikajua kagoma, kumbe anasubiri aone kama binti atasogeza ungo amsaidie. Akasogeza, nikapumua.